Kufupisha Ngano kwa Kiingereza Bila Kuipoteza Hila Yake

Mtu aliyelelewa na hadithi za Kiswahili, akiambiwa aandike mojawapo kwa Kiingereza kwa maneno 130, hukwama mahali ambapo kamusi haimfai kitu. Kisa anakijua tangu utotoni. Maneno ya Kiingereza anayo. Lakini akianza tu, sentensi ya kwanza inakwenda mistari mitano bila nukta, na wanyama bado hawajafika baharini. Hapo anaanza kufuta. Anafuta rangi, anafuta ukubwa, anafuta "siku moja" na "basi", na mwishowe anabaki na mifupa: msomaji anaona kwamba mnyama mmoja alimshinda mwenzake, ila haoni alimshindaje.

Kazi hii huwafikia watu wengi zaidi ya wanafunzi wanaojibu swali la ufupisho. Mwandishi wa vitabu vya watoto huiandika anapompelekea mchapishaji wa nje maelezo ya hadithi zake. Mwalimu huifanya anapoandaa somo, mtafiti anapoandika ikisiri ya mkusanyo wa ngano, mfanyakazi wa makumbusho anapojaza kibao cha maelezo. Wazazi walioko Uingereza au Marekani, ambao watoto wao wanasoma Kiingereza tu, huihitaji kuliko wote, maana mara nyingi muhtasari ule mfupi ndio mlango wa pekee ambao mtoto ataingilia.

Ushauri wangu mkubwa ni mmoja. Kila ngano ya hurafa ina bawaba, yaani sentensi moja au mbili ambazo kisa kizima kinageukia hapo. Anza kwa kuzitafuta hizo, uziandike kwanza kwa Kiingereza kizuri kadiri ya uwezo wako, kisha ufupishe kila kitu kingine bila huruma. Anayeanza kufupisha kutoka sentensi ya kwanza ya msimulizi, akishuka mstari kwa mstari, hugawa ufupi sawasawa kwa kila sehemu, na ngano haikuumbwa sawasawa. Kuna sehemu zake ambazo ni safari tu, na kuna sehemu ambayo ndiyo sababu ya safari.

Tufanye kazi na kisa kimoja ili tusizungumze hewani. Nimechagua kile cha kima, papa na punda wa dobi, kwa kuwa kinafahamika Pwani na kina ugumu wote unaoweza kumsumbua mfupishaji. Kima anakaa juu ya mkuyu ufukoni. Anamtupia papa makuyu kila siku, urafiki unakua, na papa anamwalika rafiki yake nyumbani kwake. Kima anapanda mgongoni mwa papa. Wakiwa katikati ya bahari papa anasema kweli: sultani wa kwao ni mgonjwa, na dawa yake ni moyo wa kima. Kima anamjibu kwamba makima wakisafiri huiacha mioyo yao mitini, hivyo inabidi warudi wauchukue. Wanarudi, kima anapanda juu, hashuki tena. Papa anapomwita, kima anamsimulia habari za punda wa dobi. Punda yule alidanganywa na sungura kwamba simba anataka kumwoa. Akaenda, simba aliyekuwa dhaifu kwa maradhi akamrukia, punda akajeruhiwa akakimbia. Sungura akamfuata mara ya pili, na punda akaenda tena. Safari hii aliuawa. Simba akataka moyo na masikio. Sungura alikwisha kuvila, naye akajitetea kwamba punda huyo hakuwa na moyo wala masikio, kwani angekuwa navyo asingerudi mahali alipoponea chupuchupu.

Edward Steere, mmisionari wa Kianglikana aliyefika Unguja mwaka 1864 na baadaye akawa askofu, alikichapa kisa hiki London mwaka 1870 katika mkusanyo wake wa hadithi za Waswahili, Kiswahili upande mmoja na Kiingereza upande wa pili. George Bateman alikitoa tena kwa Kiingereza kitupu huko Chicago mwaka 1901. Lakini kilikuwa kimeshatembea sana kabla yao. Kimo katika Panchatantra ya India, ambako mnyama wa majini ni mamba. Kimo katika Kalila na Dimna, kitabu ambacho Ibn al-Muqaffa alikitoa Kiajemi akakitia Kiarabu katika karne ya 8, na humo rafiki wa kima ni kasa. Hata sehemu ya punda peke yake ina ndugu yake wa zamani kwa Kigiriki: Babrius aliandika ngano ya simba, mbweha na paa, na paa huyo alirudi kwa simba mara ya pili vilevile, moyo wake ukaliwa na mbweha.

Ninayataja haya kwa sababu yanatufanyia nusu ya kazi. Kisa kilipovuka bahari kutoka lugha hadi lugha, mamba akawa kasa, kasa akawa papa. Aliyeutaka moyo alikuwa mke wa mnyama wa majini, kisha akawa sultani. Paa na punda wakapokezana. Hayo yote yalibadilika na ngano haikufa. Yaliyokataa kubadilika ni mawili: jibu la kima kwamba moyo wake ameuacha nyumbani, na jibu la mla moyo kwamba aliyerudi mara ya pili hakuwa na moyo. Wasimulizi wa karne nyingi, ambao hawakujuana, wamekubaliana kuhusu nini kisikatwe. Ukiwa na ngano ambayo imesimuliwa kwa namna mbili au tatu, kwa bibi yako na katika kitabu cha shule, ziweke pamoja ufanye ulinganisho huo huo. Kilichobaki kilekile kote ndicho bawaba.

Sasa tuziandike hizo mbili kwa Kiingereza. Ya kima naiweka hivi: "A monkey never takes his heart to sea, mine is hanging in the tree." Ya sungura: "With a heart and ears, would she have come back a second time?" Maneno 27 kwa jumla. Kama kikomo chako ni 130, umebakiwa na mia na kitu za kuwapeleka wahusika mpaka kwenye sentensi hizo na kuwatoa humo. Angalia kwamba hizi si sentensi fupi kuliko zote nitakazoandika. Bawaba haina haja ya kuwa fupi. Ina haja ya kusikika. Ukiipunguza ikawa "The monkey said he had no heart", umehifadhi habari na kupoteza akili ya kima, kwa sababu hila yake iko katika kudai jambo la ajabu kwa sauti ya mtu anayeeleza desturi ya kwao.

Baada ya hapo tunakuja kwenye adui halisi wa urefu, naye ni "ka".

Msimulizi wa Kiswahili husuka kisa kwa mnyororo: akapanda, wakaenda, wakafika, akamwambia, akafikiri, akasema. Ni mnyororo mzuri, mwepesi, unaobeba mtendaji, wakati na mfuatano ndani ya neno moja. Kiingereza hakina kitu kama hicho. Kila pete ya mnyororo ukiihamisha kama ilivyo inafunguka kuwa maneno matatu au manne, na kiungo kinachojitokeza mara zote ni kilekile: "and". Hivi ndivyo inavyotoka kwa wengi wetu: "The monkey climbed on the shark's back and they went and they reached the middle of the sea and the shark told him the truth and the monkey thought and said." Maneno 31, na bado msomaji hajaambiwa ukweli wenyewe ni upi.

Dawa ninayoiamini kuliko zote ni hii: mtendaji akibadilika, weka nukta. Pitia mnyororo wako na penseli, ukitia alama kila mahali ambapo anayetenda si yule wa kitenzi kilichotangulia. Hapo ndipo sentensi ya Kiingereza inapotaka kuishia. Ndani ya sentensi moja, mtendaji akiwa mmoja, unaweza kuunganisha vitenzi viwili bila kumtaja tena. Kisha kagua vitenzi vyenyewe. Kupanda mgongoni, kuondoka na kufika katikati ya bahari ni matendo matatu katika kusimulia, lakini ni tendo moja katika muhtasari. "The monkey rode out on the shark's back. In mid-sea the shark confessed: his sick sultan needed a monkey's heart." Sasa ni maneno 20, na yamesema zaidi ya yale 31, kwa kuwa siri imeshatoka.

Kitenzi kizuri ndicho kilichofanya kazi hapo. "Rode out" imemeza kupanda, kubebwa na kuondoka. "Confessed" imemeza kuambia, ukweli, na ile hali ya kwamba ulikuwa umefichwa. Mfupishaji anayeongeza hazina yake ya vitenzi vya Kiingereza hupunguza urefu haraka kuliko anayehesabu vivumishi. Nakushauri uwe na daftari la vitenzi hivyo, na usivikusanye kutoka kamusi bali kutoka hadithi fupi za Kiingereza unazosoma, ili ujue kila kimoja kinakaa na nani.

Vishazi vya "ambaye" na "aliyekuwa" vina dawa nyepesi zaidi. Punda aliyekuwa wa mtu ambaye kazi yake ni kufua nguo, ukimtafsiri kishazi kwa kishazi, anachukua nusu ya mstari. Kiingereza kina umilikishi unaolimaliza jambo kwa maneno matatu: "a washerman's donkey". Vivyo hivyo, sultani aliyekuwa mgonjwa sana ni "his sick sultan". Na ufunguzi wa "there was once a monkey who used to live" unaweza kuwa "a monkey lived", mara moja, bila kumtangaza kwanza kwamba yupo.

Mazungumzo yanataka busara zaidi. Ngano zetu ni mazungumzo tangu mwanzo hadi mwisho. Fanani hubadilisha sauti, hadhira inajua nani anasema. Mfupishaji akitaka kuyahifadhi yote atamaliza kikomo chake kabla ya kima kupanda mgongoni. Akiyageuza yote kuwa usemi wa taarifa, anaingia kwenye shida nyingine, kwa kuwa Kiingereza hurudisha njeo nyuma na kuongeza "that" na "had" kila upande, na sentensi inavimba. Ninachofanya ni kuwaachia wahusika sauti zao kwenye bawaba peke yake. Kwingineko kote ninatafuta kitenzi kinachosema aina ya usemi: aliomba, alikataa, aliahidi, alibembeleza, kila kimoja kwa neno moja la Kiingereza. Mazungumzo marefu ya sungura na punda kuhusu posa ya simba yanakuwa "A hare courted her for a weak lion." Maneno manane, na wahusika watatu wameingia uwanjani.

Ila kuna kitenzi kimoja cha kukikimbia, nacho ni kile cha kudanganya, kinapotumiwa mahali pasipo pake. Ukiandika "The monkey lied that his heart was at home", umemnyang'anya msomaji raha ya kugundua. Watoto wanaosikiliza kisa hiki hucheka pale kima anapojibu, kabla hawajaambiwa lolote, kwa sababu wanajua moyo uko wapi nao wanaona papa hajui. Muhtasari hauna nafasi ya kicheko kirefu, lakini usikizuie. Mpe kima maneno yake, kisha andika "The shark carried him back." Msomaji atamaliza mwenyewe. Siri ya mwaliko nayo iache pale ilipofichuliwa. Wapo wanaoanza na sultani mgonjwa ili mambo yaeleweke mapema. Wanapata uwazi wasiouhitaji, halafu wanalazimika kurudi nyuma kwa "had invited" na "had been feeding". Fuata mfuatano wa matukio kama fanani alivyoyapanga, na wakati uliopita wa kawaida utakutosha karibu kila mahali.

Marudio ni suala ambalo nimeona likiharibu mihtasari mizuri. Fanani hurudia kwa sababu za haki: hadhira inaitikia, wimbo unaimbwa tena, mtoto aliyesinzia anazinduliwa. Kanuni inayofundishwa ni kwamba marudio yakunjwe, na kwa kawaida ni kanuni nzuri. Kima kumtupia papa makuyu leo, kesho na kesho kutwa kunakunjwa ndani ya kitenzi kimoja: "A monkey fed a shark figs from his tree by the sea." Lakini shika kanuni hiyo kwa uangalifu unapofika kwa punda. Punda anakwenda kwa simba mara mbili. Mfupishaji mwenye haraka huona matukio mawili yanayofanana na kuyafanya moja: sungura alimdanganya punda, simba akamuua. Kwa kufanya hivyo ameua ngano pamoja na punda, maana sungura anaposema hakuwa na moyo, msomaji hana habari kwamba punda aliwahi kuponea. Ndiyo maana jiulize kila mara: je, tendo hili linarudiwa kwa ajili ya sikio, au kurudiwa kwake ndiko kisa chenyewe?

Marudio ya aina ya pili yabaki, ila si lazima yabaki kwa urefu. Safari ya kwanza ya punda ipe sentensi yenye matendo kadhaa: "She came, was mauled, and fled." Ya pili iwe nyepesi kabisa: "The hare went back for her, and she came." Hakuna maelezo ya alivyobembelezwa, hakuna kivumishi cha ujinga. Wepesi wa sentensi hiyo ndio unaoonyesha wepesi wa punda wa kushawishika, na kwangu mimi hapa ndipo ufupi unapopata sababu ya kuwepo isiyo ya kikomo cha maneno tu.

Viwakilishi navyo vina mtego. Katika sentensi kama "He told him that his sultan needed his heart", sultani ni wa nani na moyo ni wa nani? Kiswahili kina utata uleule, ila fanani huuondoa kwa sauti na kidole. Karatasini hakuna kidole. Wanyama wawili wakiwa pamoja katika sentensi moja, rudia jina la mmoja wao. Neno "shark" halina gharama. Bateman alikuwa na njia ya kuvutia: aliyaacha majina ya Kiswahili yawe majina ya watu, kima akaitwa Kima na papa akaitwa Papa, akiyaandika kwa tahajia ya kumsaidia msomaji wa Kiingereza kutamka. Mnyama akiwa na jina lake mwenyewe, hahitaji "the" mbele yake, na msomaji anamkumbuka kama mtu. Njia hiyo inafaa kwa vitabu vya watoto. Kwa ikisiri ya kitaaluma, baki na majina ya wanyama.

Mnyama anayesema asiitwe "it". Mpe "he" au "she" na usimbadilishe katikati. Ngano nyingi za Kiswahili hazisemi jinsia ya mhusika, kwa hiyo wewe ndiye utakayeamua, na uamuzi huo unaweza kukusaidia: wahusika wawili wa tukio moja wakiwa na viwakilishi tofauti, utata unaisha bila neno la ziada. Katika kisa chetu posa ya simba imeshaamua kwamba punda ni jike. Lakini pale ambapo hakuna posa wala uzazi, nakuomba usiwe na mazoea ya kumfanya mjanja dume na mjinga jike kila mara. Mtoto wa kike anayesoma mihtasari 20 ya namna hiyo atakuwa amefundishwa jambo ambalo bibi zetu hawakulisema.

Vitu vidogo nitavipitia haraka. "Paukwa, pakawa" haiingii kwenye muhtasari. Tanakali za sauti zikatwe, hata zile nzuri. "Baada ya siku nyingi" ikatwe isipokuwa siku zenyewe zinabadilisha jambo. Majozi ya maneno yenye maana moja, ambayo hupendeza sana katika Kiswahili cha kusimulia, yabaki neno moja. Nambari zibaki zikiwa na kazi, kama ile mara ya pili.

Hadithi iliyo ndani ya hadithi inahitaji mlango mmoja wa kuingilia, si ukumbi. "Safe in his branches, the monkey refused to come down and told of a washerman's donkey." Sentensi hiyo imemwokoa kima, imemjibu papa, na imetuvusha. Kikomo chako kikiwa maneno 60, hata mlango huo ni anasa, na hapo mkate punda mzima, umalizie pale kima anapokataa kushuka. Usimwache nusu. Ngano moja iliyokamilika ni heshima zaidi kwa msimulizi kuliko mbili zilizokatika miguu.

Je, mtu anaweza kufupisha kupita kiasi? Watu wenye akili nyingi wamebishana juu ya hili kwa muda mrefu. Phaedrus, aliyekuwa mtumwa akaachwa huru na Kaisari Augusto, aliziandika ngano za Aesop kwa Kilatini na kujivunia ufupi wake. La Fontaine, katika dibaji ya ngano zake za Kifaransa za mwaka 1668, alikiri kwamba ufupi ule hawezi kuufikia, kwa hiyo ameamua kuzichangamsha. Lessing huko Ujerumani, mwaka 1759, akatoa ngano zake za nathari pamoja na insha kali za kudai kwamba mapambo ya namna ile yameifukuza ngano kwenye njia yake. Nikiwa mfupishaji niko upande wa Lessing, kwa sababu kazi niliyopewa ni kuonyesha hila ikifanya kazi. Nikiwa msikilizaji jioni barazani ningemtaka La Fontaine. Muhtasari usijaribu kuwa baraza, na usidai kuchukua nafasi yake.

Hata hivyo, sentensi za maneno matano matano zikifuatana hadi mwisho huchosha sikio na kufanya kila tukio liwe na uzito mmoja. Sentensi ndefu kidogo iende kwenye safari na maandalizi, pale mambo yanapotiririka. Fupi iwekwe mahali ambapo hali inageuka ghafla. Soma kwa sauti. Usomaji wa kimya hukuficha mambo mengi: jicho hurukia "and" zote kumi, ulimi hauzirukii.

Kuhusu funzo, Waingereza walikuwa na mazoea ya kulibandika mwishoni, na wakati mwingine walizidisha. Roger L'Estrange, katika Aesop wake wa mwaka 1692, aliziongezea ngano funzo na tafakari, na mara nyingi tafakari ikawa ndefu kuliko ngano. Kama swali au mchapishaji hajakuomba funzo, usiliandike, sungura ameshamaliza. Ukiombwa, liwe sentensi moja, pembeni, lisianze kwa kutangaza kwamba hadithi hii inatufundisha kuwa. Fanani wetu hupenda kufunga kwa methali. Ukiitafsiri, mara nyingi utahitaji sentensi ya pili ya kuieleza, kwa hiyo chagua: ama methali, ama neno la mwisho la mhusika.

Ukiziunganisha sentensi zote nilizozionyesha, pamoja na moja ya mwaliko na moja ya moyo kuliwa utakazoziandika mwenyewe, kisa kizima cha kima, papa na punda kinaingia ndani ya maneno 130 bila kubanwa. Kabla hujaupeleka muhtasari wako popote, mpe mtu asiyekijua kisa. Umwulize maswali mawili tu: kwa nini papa aligeuka akarudi ufukoni, na kwa nini punda alikufa. Akiyajibu kwa maneno yake, umemaliza. Akisitasita kwenye mojawapo, kuna sentensi imekosekana, na inabidi irudi hata kama itakuzidishia maneno. Tafuta mahali pengine pa kukata, kwa kawaida ni katika utangulizi wa urafiki, ambao sote tunaupenda na kuurefusha.

Njia nzuri ya kujizoeza ni hiyo ya Steere ya kurasa mbili zinazotazamana. Chukua mkusanyo wowote wenye lugha mbili, soma Kiswahili, funika upande wa Kiingereza, andika muhtasari wako, kisha funua. Usilinganishe maneno, linganisha nukta: yeye amesimama wapi, wewe umesimama wapi, na nani kati yenu amemwacha mhusika akining'inia.

Na chini ya muhtasari, nje ya hesabu ya maneno, weka mstari wa asili ya kisa: kilisimuliwa kwa lugha gani, mahali gani, na nani, kama msimulizi amekubali kutajwa. Kwa kisa chetu, kikitolewa kitabuni, mstari huo ungekuwa: "Told in Kiswahili in Zanzibar; printed by Edward Steere, London, 1870." Kwa kisa ulichosikia kwa shangazi yako Pangani au Lamu, andika hivyo hivyo, na mwaka ulipomsikia.